Tuliuza ya Zamani Kabla ya Kuwasha Mpya

Msanifu majengo hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeogopa kidogo tu, maana mtu wa kelele hupoa. Alisema taratibu, na mjukuu wangu alikuwa ameiweka simu kwenye spika kama kawaida yake, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mara mbili umenichelewesha, binti. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nitakuwa mezani na wenye jengo. Filamu ikiwepo, wewe ndiye mchoraji wangu, jengo hili na mengine yajayo. Isipokuwepo, tusitafutane."

"Itakuwepo," mjukuu wangu akasema, kisha akakata simu na kuniangalia. "Bibi, nimesema nini mimi?"

"Umesema itakuwepo, mke mwenzangu. Sasa tuitafute."

Kazi yake ni kuchora majengo ambayo hayajajengwa. Anayachora ndani ya kompyuta, kuta, madirisha, hadi kivuli cha kitanda, halafu kompyuta inakokotoa mwanga unavyoingia, picha baada ya picha. Huko kukokotoa yeye hukuita kupika. Safari hii ilikuwa wodi ya wazazi: mtu anaingia mlangoni, anapita ukumbini, anasimama kando ya vitanda. Ni sekunde kumi na mbili tu za kutazama, lakini ndani yake mna picha mia tatu, na kila moja lazima ipikwe peke yake.

Kompyuta yetu ilikuwa inapika picha moja kwa dakika tatu. Zidisha mwenyewe. Ni saa kumi na tano. Na rangi za kuta, msanifu alisema, zingefika Ijumaa saa moja asubuhi, si kabla. Hata ungeiimbia ile kompyuta, jioni ingefika na filamu haijaisha.

Ndiyo maana Alhamisi tukaenda kwa Garantii. Huyo ni muuza vifaa vya kompyuta, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu kila anachouza anakipa garantii, hata mwavuli wake wa mkononi aliwahi kumuuzia mtu siku ya mvua akampa garantii ya miezi sita.

Akatuwekea prosesa mbili juu ya kaunta. Prosesa ndiyo akili ya kompyuta, kipande cha kukaa kwenye kiganja. Moja ilikuwa mpya kabisa, ya mwaka huu. Mjukuu wangu aliitazama kama bibi harusi anavyotazama gauni.

"Hii ni moto," Garantii akasema. "Ila sitakudanganya, bibi. Hii inataka ubao mpya wa kukalia, na ubao huo unataka kumbukumbu mpya."

"Yaani nimenunua kifungo, kifungo kinanidai shati," nikasema. "Na shati likija litadai suruali."

Akacheka. "Basi chukua hii ya pili. Ni ya juzijuzi, lakini inaingia kwenye tundu lilelile la ubao mlio nao. Itapika picha yenu kwa dakika moja na ushei. Nipeni ile ya zamani, nawapunguzia bei."

Ile ya zamani nilikuwa nayo kwenye mkoba, tumeichomoa asubuhi na kuifunga ndani ya sponji. Nikaitoa, nikamkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Naliandika hili wazi ili msimlaumu mtoto. Nimeshona sare za shule miaka thelathini na minne, na siku zote nilijua kwamba nguo ya zamani haitupwi mpaka mpya imevaliwa ikakaa mwilini. Kwenye kaunta ya Garantii nikasahau. Bei iliyopunguzwa iliniziba macho.

Tulirudi jua limezama na umeme umekatika. Mjukuu alitaka kuiweka prosesa kwa mshumaa, nikakataa. Kazi ya vitu vyembamba kama kope haifanywi kwa mshumaa. Tukalala.

Ijumaa saa moja asubuhi umeme ulikuwepo na rangi za kuta zilikuwa zimefika. Mjukuu akaweka prosesa kwenye tundu, akafunga feni yake juu, akabonyeza. Feni zikazunguka, taa nyekundu ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Akazima, akawasha. Nyeusi. Akachomoa kila waya akauchomeka tena. Akasafisha, akapuliza, akasali. Nyeusi. Hadi kufika saa nne alikuwa amefanya hivyo mara kumi na tisa, mimi nahesabu, na macho yake yalikuwa mekundu. Ndipo akampigia Garantii.

"Aah," Garantii akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. "Ubao wenu ni wa siku nyingi. Haumjui huyu mgeni. Lazima kwanza uufundishe, unaupa programu mpya, ndipo umtambue."

"Nauwekea vipi programu wakati hauwaki?"

"Unarudisha ile prosesa ya zamani, unawasha, unaweka programu, halafu unabadilisha. Dakika ishirini tu."

"Ya zamani unayo wewe!"

"Nilikuwa nayo. Nimeiuza jana ileile kwa Kamanda, yule mama mwenye ukumbi wa gemu nyuma ya kituo cha mafuta. Na nyingine ya tundu hilo sina."

"Mbona hukutuambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Mjukuu wangu aliitupa simu kitandani akakaa sakafuni. Nikavaa viatu.

"Bibi, unaenda wapi?"

"Kwa Kamanda. Osha uso, panga bisibisi zako mezani, na usiguse kitu kingine."

Ukumbi wa gemu asubuhi ni mahali palipopoa. Viti kumi na viwili, skrini zimezimwa, na ukutani tangazo: HAKUNA MATUSI, HAKUNA KULA JUU YA KIBODI, HAKUNA MKOPO. Nyuma ya pazia kulikuwa na mvumo kama wa mashine ya kusaga.

"Hodi."

"Karibu, bibi. Kama unamtafuta mjukuu wako wa kiume, nimewafukuza wote, wako shule."

"Natafuta prosesa."

Akatokeza kichwa nje ya pazia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, penseli imechomekwa kwenye nywele. Aliniangalia kama anayeangalia kuku aliyekuja kununua miwani.

"Ile uliyoichukua jana kwa Garantii," nikasema. "Ilikuwa yetu."

"Ilikuwa," akajibu. "Umesema vizuri, ilikuwa."

Nikamweleza: skrini nyeusi, ubao usiomjua mgeni, saa kumi na mbili jioni, msanifu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua pazia. Kompyuta ilikuwa mezani ubavu wazi, na juu ya prosesa yetu imekaa feni kubwa kama birika. Ukutani karatasi ndefu ya tarakimu: kasi, joto, na kando ya baadhi yake ameandika IMEANGUKA, yaani ilikwama ikazimika.

"Pole sana, bibi. Lakini ona. Hii ya zamani kiwandani waliiachia pumzi nyingi. Walisema itakimbia hivi, mimi nimeipandisha hatua saba zaidi. Sasa naitesa kwa hesabu ngumu saa nne mfululizo. Isipoanguka, Jumamosi inaingia kwenye mashindano ya kasi. Imebaki saa moja na nusu. Nikizima sasa, naanza upya."

"Saa moja na nusu sina, mwanangu."

"Na mimi moyo wa kuanza upya sina."

Nikavuta kiti nikakaa. Alirudi kwenye skrini yake. Baada ya muda akageuka.

"Bibi, kukaa hapo hakuharakishi kitu."

"Najua. Nakaa usinisahau."

Akacheka kwa pua. Akaandika tarakimu. Akaniangalia tena. Mimi nilikuwa natazama feni. Sikutaka kumlilia, kwa maana mtu akililiwa hutafuta njia ya kutoroka, na huyu nilimtaka abaki.

"Na mmenunua ipi, kwani?" akauliza, kama mtu asiyetaka kujua.

Boksi nilikuwa nalo. Nililichukua makusudi, jina la ile prosesa ni refu na ulimi wangu sikuuamini. Nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Hii? Hii iko nyumbani kwenu sasa hivi?"

"Iko kwenye tundu lake, imelala kama gogo."

"Watu wanabishana juu ya hii mwaka mzima. Wengine wanasema haisukumiki hata kidogo. Wengine wanasema inasukumika ukiijua njia yake." Aligeuza boksi akasoma ubavuni. "Mimi sijaishika bado."

"Basi njoo uishike. Ila usije mikono mitupu."

Alisimama akitazama karatasi ya ukutani, halafu skrini, halafu mimi. Akanyoosha kidole akazima. Mvumo ukafa, na ukumbi ukawa kimya mpaka nikasikia magari ya barabarani.

"Saa mbili na nusu zangu zile, bibi."

"Nimeziona zikienda, mwanangu. Sitasahau."

Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuibeba. Aliifunga, akaitia mfukoni mwa shati, akaweka mkono juu, akachukua flashi yenye programu ya ubao, tukaenda. Njiani nilitaka kutembea haraka, akanishika kiwiko. "Pole pole, ukianguka wewe mimi nitaokota kipi kwanza?"

Nyumbani mjukuu alikuwa amepanga bisibisi kwa urefu. Walisalimiana kwa kuangaliana mikono, kama mafundi. Wakaitoa mpya, wakarudisha ya zamani, wakawasha, skrini ikajaa mwanga. Mjukuu wangu alipiga makofi mara moja, akajizuia.

"Bado," Kamanda akasema. "Sasa ndipo pa hatari. Programu ikiwa inaingia umeme ukakatika, ubao umekufa, na hapo hata mimi nitalia."

Nilikwenda nikachomoa friji, nikachomoa pasi, nikazima hata taa ya chooni. Sijui kama ilisaidia. Tukatazama tarakimu zikipanda, asilimia kumi, thelathini, sitini ikasimama muda mrefu, nikaona jasho la Kamanda likishuka sikioni. Tisini. Mia. Kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Wakabadilisha tena, ya zamani Kamanda akairudisha mfukoni mwake. Safari hii ile mpya iliwaka.

Ilikuwa saa sita na robo mchana. Mjukuu akaingiza rangi za kuta, akapika picha ya kwanza, akaangalia saa. Dakika moja na sekunde ishirini. Akapiga hesabu kwenye karatasi, penseli ikavunjika ncha.

"Saa sita na dakika arobaini," akasema. "Tuna saa tano na dakika arobaini na tano. Tungeanza saa moja asubuhi ingekuwa imekaribia kuisha. Bibi, haifiki."

"Isukume," nikasema. "Si ndiyo kazi ya mgeni wetu?"

Mjukuu hakungoja. Akaingia kwenye mipangilio, akapandisha kasi, hatua moja, mbili, nne, akapika. Feni ikalia kama imekanyagwa mkia. Joto likafika nyuzi tisini na tano. Picha ikatoka kwa dakika moja na sekunde ishirini na nne.

"Imekuwa polepole zaidi!" akasema. "Nimeongeza, imepunguza!"

Kamanda alikuwa ameegemea ukuta, uso umemng'aa kama mtu aliyeshinda ubishi. "Kumbe ni kweli. Hizi mpya zinatoka kiwandani zimeshakamuliwa. Juu hapana nafasi. Ile yenu ya zamani ilikuwa na pumzi ya kuazima, hii haina. Ukiikimbiza inapata joto, ikipata joto inajipunguza yenyewe isiungue. Njia yake iko chini. Ipunguzie umeme. Volti zikishuka joto linashuka, na joto likishuka inakimbia yenyewe bila kusukumwa."

"Chini kiasi gani?"

"Hapo ndipo kila moja ina tabia yake. Ukishusha mno, inaanguka."

"Nashusha hatua kumi," mjukuu akasema, kidole tayari.

"Hushushi kumi," nikasema. "Mbili."

"Bibi! Saa hiyo tunayo?"

"Saa ya kuanguka tunayo? Cherehani ikikaza uzi, hufungui skrubu raundi nzima. Unafungua robo, unashona, unatazama. Shusha mbili, pika picha. Lakini pika picha za kazi yenyewe. Ikitoka nzuri tunaiweka, hatupotezi kitu."

Kamanda alinitazama. "Mimi siku zote nilitumia mateso ya bure kuzijaribu," akasema. "Picha za kazi yenyewe. Sawa, bibi."

Nikachukua daftari la mjukuu. Yeye anashusha, Kamanda anasoma joto, mimi naandika. Mbili: nyuzi tisini na moja, dakika moja na sekunde kumi na sita. Nne: themanini na nane, dakika moja na sekunde kumi na moja. Kila hatua picha mbili au tatu, na kila picha naikagua usoni, kama kuna doa jeusi au mstari. Mjukuu alikuwa anatikisa goti mpaka meza inacheza. Nikalishika lile goti. Hatua ya kumi, nyuzi themanini na mbili, sekunde sitini na sita. Kumi na mbili, picha ikatoka na doa kwenye dirisha.

"Rudi kumi," sote watatu tukasema.

Saa saba kasoro dakika ishirini tulikuwa na picha kumi na tano nzuri na kompyuta inapika kwa sekunde sitini na sita. Mjukuu akapiga hesabu: zingeisha saa kumi na mbili kasoro dakika saba. Dakika saba za kuunganisha na kutuma. Hakuna aliyesema haitoshi.

Kamanda alitaka kuondoka, nikamwomba anywe chai kwanza, akanywa, akabaki, akanywa tena. Picha mia moja. Mia moja na ishirini. Saa tisa kamili, picha ya mia moja na arobaini na mbili ikiwa imeshahifadhiwa, skrini ikawa ya bluu, ndiyo kuanguka kwenyewe.

Mjukuu hakulia. Hilo nilimpendea. Aliwasha, akapandisha volti hatua moja, akaendelea na picha ya mia moja na arobaini na tatu. Dakika nne zimekwenda. Sekunde sitini na saba sasa.

"Zimebaki mia moja hamsini na nane," akasema polepole. "Ya mwisho itatoka saa kumi na mbili na nusu dakika. Bado kuunganisha. Bado kutuma."

"Punguza picha," Kamanda akasema. "Acha vitanda vya mwisho."

"Vitanda ndivyo wodi. Ukiviacha, ni ukumbi wa mikutano."

Nilikuwa namtazama Kamanda kifuani, pale mfukoni.

"Mwanangu," nikasema, "hiyo yako inapika picha moja kwa muda gani ukiisukuma?"

Akashika mfuko. "Ikiwa kwenye kasi yangu? Dakika mbili na sekunde kidogo. Lakini kasi ile sijaithibitisha, jaribio ulilizima wewe."

"Ishushe mpaka ile uliyoithibitisha."

"Hatua ya tano. Dakika mbili na nusu." Akahesabu kwa vidole. "Picha thelathini, saa moja na robo. Nipe thelathini za mwisho kwenye flashi. Na wavulana wakitoka shule nitawaambia mashine ya nyuma haiguswi, atakayeigusa hachezi mwezi mzima."

"Hutajaribiwa kuipandisha hadi saba?" mjukuu akauliza.

"Mwanangu, nikijaribiwa nitamfikiria bibi yako amekaa kwenye kiti changu." Akachukua flashi, akaondoka mbio, yeye aliyenikataza kukimbia.

Kuanzia hapo hakukuwa na la kusimulia ila kuangalia tarakimu. Mjukuu alikuwa anakagua kila picha, mimi naandika joto kila robo saa. Nyuzi themanini na tatu. Themanini na tatu. Themanini na nne, nikafungua dirisha. Themanini na tatu. Skrini ya bluu haikurudi.

Saa kumi na moja kamili Kamanda alirudi na flashi, anahema, penseli imeanguka nywelani. "Thelathini. Zote safi. Hatua ya tano, sikugusa."

Saa kumi na moja na dakika ishirini na saba yetu ya mwisho ikatoka. Mjukuu akaunganisha. Tukamwona mtu asiyeonekana anaingia mlangoni, anapita ukumbini, anasimama kando ya vitanda, na mwanga wa asubuhi umelala juu ya shuka. Sikujua ni wapi picha za prosesa mpya zinaishia na za zamani zinaanzia. Akatuma. Mstari wa kutuma ulitembea kama konokono mwenye mzigo, ukafika.

Simu ililia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mjukuu akaiweka kwenye spika, mkono wake juu ya goti langu.

"Nimeiona," msanifu akasema. "Mlango wa wodi unafunguka upande usio wake. Kitanda cha mgonjwa hakitapita hapo."

Mjukuu akavuta daftari, akaandika: mlango.

"Lakini ipo, na saa bado. Leo nitawaonyesha hivyohivyo, la mlango nitaeleza mwenyewe. Jumatatu asubuhi nataka mlango umegeuzwa, na njoo ofisini uchukue michoro ya jengo la pili. Mchoraji wangu asinifanye nimtafute."

Simu ikakatika. Kamanda akampiga mjukuu wangu bega, kisha akanipiga mimi, kisha akainama kuangalia prosesa mpya kupitia ubavu ulio wazi, kama anayeaga mtoto wa watu.

Mjukuu alikuwa ameshavuta kiti mezani.

"Picha ngapi zina mlango?" nikamuuliza.

"Arobaini na moja, bibi."

"Hatua ile ile?"

"Ile ile."

"Haya, anza."